Uamuzi wa Halmashauri Hupitia Wapi, na Nani Huwajibika

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, taarifa zinazotolewa na halmashauri mbalimbali za Tanzania Bara hukaribia kufanana. Baraza la Madiwani la halmashauri fulani limeketi, limejadili na limepitisha mapendekezo ya mpango na bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Mwananchi husoma kiasi cha fedha kilichotajwa, huangalia kama zahanati au barabara ya kata yake imo, kisha huendelea na shughuli zake.

Hata hivyo, neno "limepitisha" lina uzito kuliko linavyoonekana. Nyuma yake kuna mlolongo wa vikao, kuanzia kijijini au mtaani hadi makao makuu ya halmashauri, na kila kikao kina mamlaka yake na mipaka yake kisheria. Hatua moja ikirukwa, uamuzi huweza kupingwa au kubatilishwa. Hatua zikifuatwa bila kumbukumbu kutunzwa, fedha huweza kutumika na baadaye akakosekana mtu wa kuulizwa. Kwa sababu hiyo, kuelewa utaratibu wa maamuzi ya halmashauri ni sharti la kwanza kwa mwananchi anayetaka kuihoji.

Suala hili lina umuhimu wa pekee sasa. Viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji walichaguliwa Novemba 27, 2024, na madiwani walipatikana kupitia Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025. Halmashauri zote 184 za Tanzania Bara kwa hiyo zina wawakilishi walio mwanzoni mwa vipindi vyao, wakiwamo wanaosoma Kanuni za Kudumu kwa mara ya kwanza. Wananchi waliowachagua nao wanahitaji kujua kanuni hizo zinawapa haki gani.

Katiba ya halmashauri iko wapi

Katika nchi kama Uingereza, sheria inaitaka kila halmashauri kuwa na waraka mmoja unaoitwa katiba, unaoeleza nani huamua nini na kwa utaratibu upi. Tanzania haina waraka wa namna hiyo kwa kila halmashauri. Mambo yale yale yamegawanywa katika ngazi kadhaa za sheria, na zikisomwa kwa pamoja ndipo zinapounda kile kinachoweza kuitwa katiba ya halmashauri.

Ngazi ya kwanza ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 145 inaelekeza kuwapo kwa vyombo vya Serikali za Mitaa katika mikoa, wilaya, miji na vijiji. Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya vyombo hivyo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara hizi husomwa pamoja na Ibara ya 8, inayotamka kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

Ngazi ya pili ni sheria zilizotungwa na Bunge mwaka 1982. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inasimamia halmashauri za wilaya, miji midogo na vijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, inasimamia halmashauri za miji, manispaa na majiji. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaeleza vyanzo vya mapato, namna ya kuyatumia na namna ya kuyatolea hesabu.

Ngazi ya tatu ni hati ya kuanzishwa kwa halmashauri yenyewe, ambayo huipa uhai wa kisheria wa kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Ngazi ya nne ni Kanuni za Kudumu za Halmashauri, zinazoongoza uendeshaji wa vikao: namna vinavyoitishwa, akidi, mpangilio wa ajenda, upigaji kura, kamati na kumbukumbu. Kwa diwani, kitabu hiki cha mwisho ndicho cha kila siku. Kwa mwananchi, ndicho kisichofahamika sana.

Ngazi hizi zina mpangilio wa uzito. Kanuni za Kudumu haziwezi kupingana na sheria ya Bunge, na sheria ya Bunge haiwezi kupingana na Katiba ya nchi. Azimio la baraza, hata likiungwa mkono na madiwani wote, haliwezi kuhalalisha jambo ambalo sheria imelikataza.

Funzo la miaka ya 1972 hadi 1984

Mpangilio huu una historia. Mwaka 1972 Serikali iliondoa halmashauri zilizokuwapo na kuweka mfumo uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Shughuli za maendeleo zilisimamiwa na watendaji wa Serikali katika mikoa na wilaya, na vyombo vya uwakilishi vilivyochaguliwa na wananchi vikakosa nafasi. Katika miji, huduma za msingi kama usafi na maji zilidorora, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurejesha halmashauri za miji. Sheria za mwaka 1982 zikafuata, na mwaka 1984 Serikali za Mitaa zikarejea kazini. Mwaka huo huo, mabadiliko ya Katiba yaliingiza masharti yanayozihusu Serikali za Mitaa katika sheria mama.

Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa na maana kubwa. Kabla yake, kuwapo kwa halmashauri kulitegemea sheria ya kawaida ambayo ingeweza kufutwa kwa sheria nyingine ya kawaida. Baada yake, uwepo wa Serikali za Mitaa umekuwa suala la kikatiba. Mjadala uliobaki unahusu ukubwa wa mamlaka yao na namna wanavyoyatumia.

Anayeamua na anayetekeleza

Msingi wa uwajibikaji katika halmashauri ni mgawanyo wa kazi kati ya baraza na watendaji. Baraza la Madiwani huundwa na madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, pamoja na wabunge wanaowakilisha majimbo yaliyomo katika eneo husika. Wajumbe humchagua mwenyekiti kutoka miongoni mwao. Katika manispaa na majiji kiongozi huyo huitwa Meya. Makamu wake huchaguliwa kila mwaka.

Mkurugenzi Mtendaji hachaguliwi na madiwani. Huteuliwa na Rais, ndiye mkuu wa watumishi, ndiye Afisa Masuuli anayebeba dhamana ya fedha za halmashauri, na ndiye katibu wa baraza. Huandaa ajenda, huwasilisha taarifa za wataalamu, hutunza kumbukumbu na hutekeleza maazimio. Hana kura katika baraza.

Kwa lugha nyepesi, baraza huamua nini kifanyike na kwa fedha zipi, na mkurugenzi huhakikisha kinafanyika kwa kufuata sheria. Mwenyekiti au Meya huongoza vikao na kusimamia nidhamu ya mjadala, lakini hana mamlaka ya kuagiza malipo wala kuajiri. Diwani mmoja mmoja hana mamlaka ya kutoa amri kwa mtumishi. Nguvu yake hutokana na kikao. Vivyo hivyo, mkurugenzi hana mamlaka ya kubadili bajeti iliyopitishwa bila kurejea kwenye vikao vinavyohusika.

Mpaka huu ndipo migogoro mingi huzaliwa. Diwani aliyeahidi daraja kwa wapigakura wake hujikuta akimshinikiza mhandisi. Mtaalamu anayekabiliwa na tarehe za mwisho za matumizi hujikuta akiwapelekea madiwani jambo lililokwisha kufanyika ili walibariki. Katika hali zote mbili, kinachopotea ni uwezo wa kujua nani awajibike. Mradi ukiharibika, baraza litasema halikushirikishwa na wataalamu watasema walielekezwa na wanasiasa.

Udhibiti wa zabuni unaonesha namna sheria inavyojaribu kulinda mpaka huo. Baraza hupitisha bajeti na mpango, lakini uchambuzi wa zabuni na uteuzi wa mkandarasi hufanywa na vyombo vya kitaalamu kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma. Diwani haketi kwenye bodi ya zabuni. Wajibu wake huja kabla, wakati wa kuidhinisha mradi, na baadaye, wakati wa kukagua kama mradi umejengwa kwa thamani ya fedha iliyolipwa.

Safari ya uamuzi

Tuchukue mfano wa ujenzi wa zahanati. Kwa utaratibu, wazo linapaswa kuanza katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria inauita mkutano huo chombo chenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika kuibua vipaumbele vya jamii, umejengwa juu ya msingi huo.

Kutoka kijijini, vipaumbele hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani na kuwahusisha wenyeviti wa vijiji vya kata hiyo. Hapo maombi ya vijiji hulinganishwa, kwa kuwa fedha hazitoshi kwa yote. Kisha huchambuliwa na wataalamu wa halmashauri na kuingizwa katika rasimu ya mpango.

Rasimu hupita katika kamati za kudumu za baraza. Halmashauri ya wilaya huwa na kamati inayoshughulikia fedha, uongozi na mipango. Kamati ya uchumi, ujenzi na mazingira. Na kamati ya elimu, afya na maji. Zipo pia kamati ya maadili na kamati ya kudhibiti UKIMWI. Kamati ya fedha ndiyo yenye vikao vingi zaidi, kwa kuwa hutakiwa kukutana kila mwezi kupitia mapato na matumizi, na huongozwa na mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe.

Kamati zikimaliza, mapendekezo hufika kwenye baraza kamili. Baraza hukutana katika mkutano wa kawaida angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na huweza kuitishwa kwa mkutano maalumu. Baada ya hapo, bajeti hupitia Sekretarieti ya Mkoa na kuunganishwa katika ngazi ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, maarufu kama TAMISEMI, kabla ya kuwa sehemu ya bajeti inayojadiliwa na Bunge.

Safari hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, kazi kubwa ya uchambuzi hufanyika katika kamati, mapema kuliko siku ya baraza inayotangazwa. Mwananchi anayesubiri siku ya baraza ili kupinga mradi mara nyingi huwa amechelewa. Nafasi yake yenye nguvu zaidi ilikuwa kijijini na katika kata, miezi kadhaa kabla. Pili, kutokuwamo kwa mradi katika bajeti hakumaanishi kuwa diwani hakuuomba. Huenda uliondolewa katika kata, katika kamati, au baada ya ukomo wa bajeti kutolewa na Serikali Kuu. Swali lenye manufaa ni: uliondolewa katika kikao kipi, na kwa sababu ipi iliyoandikwa?

Mipaka ya mamlaka

Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na hapa ndipo mwananchi hukutana nayo moja kwa moja: ushuru wa soko, ada za leseni, usafi, maegesho. Mamlaka hayo hayatumiki kwa uamuzi wa siku moja. Wananchi wa eneo husika hutakiwa kutaarifiwa kuhusu kusudio la kutunga sheria ndogo na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Baraza huipitisha, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa kwa idhini. Kwa sheria ndogo za kijiji, Mkutano Mkuu wa Kijiji hushirikishwa na halmashauri ya wilaya huidhinisha.

Mfano wa ushuru wa mazao unaeleza vyema mipaka hiyo. Kwa miaka mingi halmashauri zilitoza hadi asilimia 5 ya thamani ya mazao. Mwaka 2017 Bunge lilibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa na kupunguza kiwango hicho hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine aliondolewa ushuru huo. Halmashauri iliyokuwa na sheria ndogo yenye kiwango cha zamani haikuwa na hiari ya kuendelea nayo, kwa kuwa sheria ndogo haiwezi kuishinda sheria iliyoizaa. Afisa aliyemsimamisha mkulima kizuizini kwa kutumia kiwango kilichofutwa alikuwa akitoza fedha bila mamlaka, hata kama alikuwa na stakabadhi mkononi.

Mfano mwingine ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Hata hivyo, haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wanaotia saini mgao ambao haukuwahi kufikishwa mbele ya mkutano huo wanatoa karatasi isiyo na nguvu ya kisheria, na mnunuzi anayeipokea bila kudai muhtasari wa mkutano anajiweka katika hatari ya kupoteza fedha zake. Katika migogoro ya ardhi ya vijijini, muhtasari wa mkutano na orodha ya mahudhurio huweza kuamua nani abaki shambani na nani aondoke.

Namna baraza linavyowajibishwa

Uwajibikaji wa madiwani huanza na mwenendo wao. Diwani mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa hutakiwa kuyatamka na kutoshiriki katika uamuzi. Akikosa mikutano mitatu mfululizo ya baraza bila ruhusa, hupoteza sifa ya kuendelea kuwa diwani. Kanuni za maadili ya madiwani za mwaka 2000 zinasimamiwa na kamati ya maadili ya halmashauri. Aidha, madiwani ni miongoni mwa viongozi wanaotajwa katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, hivyo hutakiwa kuwasilisha tamko la mali na madeni kila mwaka kabla ya Desemba 31 kumalizika. Mwenyekiti wa halmashauri naye huweza kuondolewa na wenzake kwa theluthi mbili ya kura, kwa sababu zilizotajwa kisheria na baada ya tuhuma kuchunguzwa.

Kwa upande wa fedha, mwaka wa hesabu humalizika Juni 30. Halmashauri hutakiwa kukamilisha hesabu zake na kuziwasilisha kwa ukaguzi ifikapo Septemba 30. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye mamlaka yake yametajwa katika Ibara ya 143 ya Katiba, huwasilisha ripoti kwa Rais ifikapo Machi 31, na ripoti hiyo hupelekwa bungeni. Baada ya hapo Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita Maafisa Masuuli kujibu hoja. Katika ngazi ya halmashauri, baraza hukutana katika kikao maalumu kujadili hoja za ukaguzi, mara nyingi mbele ya Mkuu wa Mkoa.

Taarifa za ukaguzi huhitaji kusomwa kwa makini. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, ina maana kwamba hesabu zimeandaliwa kwa usahihi kwa mujibu wa viwango vya uhasibu. Haimaanishi kuwa kila shilingi ilitumika kwa busara, wala kwamba hakuna hoja. Halmashauri huweza kupata hati safi na bado ikawa na orodha ndefu ya mapendekezo ya miaka iliyopita yasiyotekelezwa. Kipimo kizuri zaidi kwa mwananchi ni idadi ya hoja zilizofungwa ikilinganishwa na zilizorudiwa.

Funzo la mikopo ya asilimia 10

Hakuna eneo linaloonesha uhusiano wa utaratibu na maisha ya watu kama mikopo ya vikundi. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinachoitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za utekelezaji zilitungwa mwaka 2019. Kilichokuwa agizo la kisera kikawa wajibu wa kisheria.

Maombi ya mkopo yalipaswa kupita katika ngazi ya kata, kuchambuliwa na wataalamu na kuidhinishwa na vikao vya halmashauri. Hatua hizo zilikusudiwa kuhakikisha kuwa kikundi kipo kweli, wanachama wake wanafahamika na shughuli yao inaweza kurejesha fedha. Ripoti za ukaguzi zilionesha kasoro katika uhakiki wa vikundi na kiasi kikubwa cha mikopo ambayo haikurejeshwa. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuupitia upya utaratibu, na mwaka 2024 ikaurejesha ukiwa na mfumo ulioboreshwa, ukiwamo wa kutumia benki katika baadhi ya halmashauri.

Walioumizwa na kusitishwa huko hawakuwa waliokopa na kukaa kimya. Walikuwa wanachama wa vikundi vilivyotimiza masharti, vikasubiri foleni, kisha vikakuta dirisha limefungwa. Uhakiki ulipofanywa kwa kutia saini fomu ambazo hazikusomwa, hasara haikuishia katika hesabu za halmashauri. Ilimfikia mama wa genge na kijana wa karakana aliyekuwa akihitaji mashine moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala hili daftari lilikuwapo. Kilichokosekana katika maeneo mengi ni watu wa kulikagua kwa wakati.

Hatua ya mwisho

Utaratibu wa kawaida unaposhindwa kabisa, Serikali Kuu huwa na mamlaka ya kuingilia kati. Mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa kutokana na kuzorota kwa huduma na usimamizi, na Tume ya Jiji ikateuliwa kuendesha shughuli hadi mwaka 2000, mfumo mpya wa halmashauri ulipoanza. Tume ilipewa kazi ya kurejesha huduma na nidhamu ya fedha, lakini kwa kipindi hicho wakazi wa jiji hawakuwa na baraza walilolichagua la kupitisha bajeti yao.

Ndiyo sababu hatua hiyo huchukuliwa kwa nadra. Kuvunja baraza huondoa tatizo la usimamizi kwa kuondoa pia uwakilishi. Dawa isiyo na gharama hiyo ni kuhakikisha kanuni zinafanya kazi mapema: kamati ya fedha ikutane, mkaguzi wa ndani asikilizwe, hoja zijibiwe na vikao vya vijiji vifanyike.

Kanuni hazijitekelezi

Udhaifu wa mfumo huu unajulikana. Makabrasha yenye mamia ya kurasa huweza kumfikia diwani muda mfupi kabla ya kikao, yakiwa yamejaa majedwali ambayo hakuna aliyemweleza namna ya kuyasoma. Halmashauri nyingi hutegemea kwa sehemu kubwa fedha kutoka Serikali Kuu, hivyo bajeti iliyopitishwa kwa umakini huweza kutekelezwa nusu kwa sababu ya kuchelewa kwa fedha. Kijijini, mikutano ya robo mwaka ya kusoma mapato na matumizi huahirishwa kwa kisingizio cha mahudhurio hafifu, na mahudhurio huwa hafifu kwa sababu wananchi wamezoea mikutano isiyotoa majibu.

Mafunzo kwa madiwani wapya ni sehemu ya tiba, na ni muhimu yajikite katika kusoma taarifa za fedha na za ukaguzi kama yanavyojikita katika taratibu za kuchangia mjadala. Sehemu ya pili iko kwa wananchi. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi na vyombo vya habari, isipokuwa pale baraza linapoazimia kujadili jambo mahususi kwa faragha. Mwananchi haruhusiwi kuchangia, lakini ana haki ya kuketi na kusikia diwani wake alisema nini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamwezesha pia kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi ya umma, na ofisi hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Kwa kutumia haki hizo, mwananchi anaweza kuuliza mambo yanayojibika. Mradi wa kata yake ulipitishwa katika kikao cha tarehe ipi? Fedha zilizotengwa ni kiasi gani, na zilizopokelewa ni kiasi gani? Hoja gani za ukaguzi za mwaka uliopita bado hazijafungwa? Mkutano wa mwisho wa kusoma mapato na matumizi ya kijiji au mtaa ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi? Maswali ya aina hii hayahitaji ugomvi wala uanachama wa chama chochote. Yanahitaji ofisi yenye kumbukumbu na mwananchi anayejua aombe nini.

Taarifa nyingine itakapotoka kueleza kuwa baraza limepitisha jambo fulani, msomaji atakuwa na njia ya kuipima. Uamuzi uliopita katika vikao vyake, kwa akidi, kwa maslahi yaliyotamkwa na kwa muhtasari uliosainiwa, una mtu wa kuulizia kila hatua. Uamuzi usioweza kuoneshwa ulipitia wapi unapaswa kurejeshwa kwenye kikao kinachohusika kabla fedha za wananchi hazijatumika.